Hukumu ya Mwenye Kuanguka Katika Mali ya Mwenziwe

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeharamisha damu za waja wake na mali zao baina yao, na sala na salamu zimfikilie Mtume wake, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, risala hii yahusu jambo litokezalo mara nyingi vijijini, nalo halisomwi sana darasani kwa kuwa mlango wake u mbali katika vitabu, nyuma ya ndoa na biashara, mahali ambapo wanafunzi wengi hawafiki. Jambo lenyewe ni hili: mtu ameanguka katika kisima, au shimo, au ngazi, au ukumbi wa mtu mwingine, akavunjika au akafa. Je, yuko wa kulipa, au hapana? Mifano imewekwa Zombo, katika Kilosa, apate mwenye kusoma kuiona kwa macho yake. Kwani huko, kama kwingineko mashambani, watu huchimba visima, na mashimo ya choo, na mashimo ya udongo wa matofali, na masika yakija mashimo yale hujaa maji hata mgeni asitambue kina chake.

Yapasa kwanza kuondoa neno moja ambalo limeziba haki za watu wengi. Mtoto akitumbukia shimoni, wazee hukutana, husomwa dua, kisha husemwa: ajali haina kinga, Mungu ndiye aliyeandika. Neno hilo ni kweli katika itikadi, bali si hoja katika hukumu. Mwenye kuua kwa kukosea naye ameua kwa kudura ya Mungu, wala hakukusudia. Pamoja na hayo Kurani, katika Sura ya Nisaa aya ya 92, imewajibisha dia ifikishwe kwa jamaa za maiti, na kafara juu ya aliyeua. Lau kadari ingaliondoa dhamana, isingalibaki dia yoyote duniani, wala mwizi asingalirudisha alichoiba, maana na wizi pia umeandikwa. Kadari huaminiwa na aliyepatwa na msiba ili apate kusubiri. Haikuwekwa iwe ngao ya aliyeacha shimo wazi.

Na liko kosa la upande wa pili, nalo ni la mwenye kudhani kwamba kila aangukaye ana wa kumdai. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Abu Huraira iliyomo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, amehukumu kwamba madhara ya mnyama, na ya kisima, na ya machimbo ya madini, hayana malipo. Wanazuoni wameieleza sehemu ya kisima kwa namna mbili. Ya kwanza ni kisima kilichochimbwa kwa haki, katika milki ya mwenyewe au katika ardhi isiyo na mwenyewe, kisha mtu akatumbukia. Ya pili ni mtu aliyeajiriwa kuchimba, kisima kikamporomokea. Hadithi hiyo basi si ruhusa ya kila shimo. Ni ya shimo lililochimbwa pasipo uadui.

Na neno hilo "uadui" ndilo ufunguo wa mlango wote. Maana yake hapa si chuki. Ni kuvuka mpaka, yaani kuchimba mahali ambapo huna haki ya kuchimba, au kwa namna ambayo huna haki nayo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameuweka msingi huu katika Minhaj kwa maneno machache, na Ibn Hajar katika Tuhfa na Ramli katika Nihaya wakaufafanua. Mwenye kuchimba kwa uadui hudhamini. Mwenye kuchimba katika milki yake hadhamini, wala mwenye kuchimba katika ardhi mfu isiyo na mwenyewe.

Achukuliwe mtu wa Zombo aliyechimba kisima nyuma ya nyumba yake, ndani ya kiwanja chake. Usiku akaja mtu asiyeitwa, akapita njia ya mkato, akatumbukia, akafa. Mwenye nyumba hana dia juu yake katika madhehebu ya Shafii, kwani amefanya alichohalalishiwa, na yule aliingia pasipo idhini. Lakini akikichimba kipana kupita ada, au karibu mno na ukuta wa jirani kuliko watu wachimbavyo, ukuta ukaanguka, hulipa, ijapokuwa shimo liko katika milki yake. Kwa sababu milki humpa mtu haki ya kuitumia kama watu watumiavyo, haimpi haki ya kumwangushia mwenziwe nyumba.

Akichimba katika shamba la mtu mwingine bila idhini, hudhamini, na hili halimfichiki mtu. Lenye kufichika ni shamba la ushirika. Minhaj imetaja milki ya mtu mwingine na milki ya shirika pamoja, na hukumu yake ni moja: achimbaye bila idhini ya washirika wake hudhamini. Na hapa wengi hutumbukia, maana mirathi hukaa miaka mingi bila kugawanywa. Ndugu watano wameachiwa shamba na baba yao; mmoja wao, aliyebaki kijijini, achimba shimo la udongo apate kufyatua matofali ayauze. Adhani amechimba kwake. La! Amechimba katika sehemu yake na sehemu za ndugu zake wanne, nao hawakuidhinisha. Mpita njia akianguka humo, dhamana ni yake. Ni sababu moja zaidi ya kugawanya mirathi mapema, juu ya zile zijulikanazo.

Akiuliza muulizaji: Je, na pori lisilolimwa na mtu, si ardhi mfu? Hujibiwa kwamba hilo lataka kuangaliwa. Katika Tanganyika sheria za ardhi za mwaka 1999, Namba 4 na Namba 5, zimeifanya ardhi yote kuwa ya umma, Rais akiishika kama mdhamini, na ardhi ya kijiji ikasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Basi pori la Zombo lililo katika mipaka ya kijiji lina msimamizi, hata kama halina jembe. Mwenye kuchimba humo udongo wa kuuza, pasipo kuwauliza wenye mamlaka, yu karibu zaidi na mwenye kuchimba katika haki ya wengi kuliko na mwenye kuhuisha ardhi iliyokufa. Na mwenye kuichunga dini yake hatajificha nyuma ya neno "pori".

Ama njia za watu, zina tafsili. Shimo katika njia nyembamba lenye kuwadhuru wapitao hudhaminiwa, hata kama mkubwa wa nchi ameruhusu, kwani hana haki ya kuruhusu madhara. Njia ikiwa pana na shimo halidhuru, na idhini imetolewa, hapana dhamana. Pasipo idhini hutazamwa makusudio: akichimba kwa manufaa ya nafsi yake, hudhamini, akichimba kwa manufaa ya watu wote, kama kisima cha kunywa au shimo la kukusanya maji ya mvua, hadhamini katika kauli iliyo dhahiri zaidi. Na msikiti ni kama njia. Vivyo hivyo maji: mwenye kunyunyiza maji njiani kutuliza vumbi kwa ajili ya watu, asipite ada, hana neno, mwenye kumwaga maji yake ya kufulia mlangoni pa njia hata pakawa utelezi, mtu akateguka, huyo hudhamini. Na maganda ya matunda yakitupwa njiani hudhaminiwa pia katika kauli sahihi. Nawawi alitaja maganda ya tikiti. Huku yangetajwa ya maembe na ndizi. Ila mwenye kuyaona akayakanyaga kwa kusudi, huyo amejidhuru mwenyewe.

Mlizamu wa paa utokezao njiani ni halali kuuweka, na kinachoharibika kwa sababu yake hudhaminiwa katika kauli mpya ya Imamu Shafii. Yajulikana khabari ya Umar bin Khattab (r.a.), alipoung'oa mlizamu wa nyumba ya Abbas uliomwagia maji njiani, Abbas akamwambia kwamba Mtume mwenyewe ndiye aliyeuweka pale. Umar akaapa kwamba hautarudishwa ila Abbas apande juu ya mgongo wake yeye Umar, na ukarudishwa hivyo. Wanafunzi huipenda khabari hii kwa ajili ya unyenyekevu wa Umar, na wastahiki. Lakini fakihi huiangalia kwa jambo lingine pia, kwamba kitu chaweza kuwa halali kukiweka na bado madhara yake yakawa juu ya aliyekiweka. Uhalali wa kitendo na kutodhamini si kitu kimoja.

Sasa ndipo mahali penye uzito zaidi katika mlango huu, napo ni mgeni. Mtu ana kisima katika ukumbi wa mlangoni kwake. Kisima ki katika milki yake. Kwa msingi uliotangulia hana dhamana. Kisha amwita mtu nyumbani, naye hajui kwamba kipo, aingia, atumbukia. Nawawi asema kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba mwenye nyumba hudhamini. Washereheaji wakaeleza: hukumu hii ni pale ambapo kisima kimefunikwa, au pana giza, au mgeni ni kipofu, na mwenyeji hakumtahadharisha. Akimwambia, "Jihadhari, hapo pana kisima," au kisima kikawa wazi mchana mbele ya mwenye macho, hapana juu yake kitu. Na aliyeingia bila kuitwa hana dai.

Na atazame msomaji jinsi ilivyogeuka hukumu. Kisima ni kile kile, milki ni ile ile. Kilichobadilika ni neno "karibu". Mwenye kusema karibu amemwondolea mgeni tahadhari aliyokuwa nayo njiani, amemfanya aweke mguu kwa kuamini, na kwa hiyo amejitwika amana ya mguu ule. Katika nyumba za Zombo watu huitana kila siku, kwa maziko, kwa hitima, kwa kuvuna, kwa kusoma maulidi. Na mashimo ya choo yaliyozeeka hufunikwa kwa miti na udongo juu yake mpaka yakafanana na ua. Mwenye nyumba ajua mahali pake, na watoto wake wajua. Mgeni wa maulidi hajui. Kumwambia ni maneno mawili, na kuyaacha maneno mawili hayo kwaweza kumfikisha mtu kwenye dia.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Waingereza walifika mahali hapo hapo kwa njia yao. Katika mwaka 1866 mahakama ya London ilihukumu daawa ijulikanayo kwa jina la Indermaur na Dames: fundi wa gesi aliingia katika kiwanda cha sukari kwa kazi, akatumbukia katika tundu la sakafu lisilo na ukingo. Wakahukumu kwamba mwenye mahali, amkaribishapo mtu kwa shughuli yenye faida kwake, yampasa achukue uangalifu wa kumkinga na khatari isiyo ya kawaida anayoijua au iliyompasa kuijua. Mgeni wa mazungumzo tu walimpa haki pungufu kuliko huyo, na mwingiaji asiyeitwa wakamnyima karibu yote. Fikihi haikumtenga mgeni wa kazi na mgeni wa chakula. Imetazama mwito, na ujinga wa mgeni, na kufichika kwa shimo. Katika hili fikihi iko karibu zaidi na adabu ya watu wa nchi hizi, ambao kwao mgeni ni mgeni. Na Waingereza wenyewe, kwa sheria yao ya mwaka 1957, waliifuta tofauti hiyo ya wageni wawili.

Mas'ala ya sababu mbili zikikutana. Mmoja amechimba shimo kwa uadui, mwingine akaweka jiwe kwa uadui kando yake. Mtu akajikwaa katika jiwe akaangukia shimoni. Dhamana ni ya mwenye jiwe, kwa kuwa jiwe ndilo lililomsukuma, kana kwamba amemtupa kwa mkono wake. Jiwe la mmoja na jiwe la wengine wawili yakimwangusha mtu pamoja, dhamana hugawanywa mafungu matatu kwa idadi ya watu, na wako waliosema nusu kwa nusu. Mtu akijikwaa katika jiwe akalivingirisha, kisha mwingine akajikwaa mahali lilipofikia, aliyelivingirisha ndiye adhaminiye wa pili. Na akiwapo mwenye kumsukuma mtu kwa mkono ndani ya shimo, haulizwi tena mchimbaji. Aliyetenda hutangulizwa mbele ya aliyesababisha.

Katika mlango huu vitabu vimehifadhi khabari mbili za kale. Ya kwanza ni ya Yemeni, nayo imo katika Musnad ya Imamu Ahmad. Watu walichimba shimo la kunasia simba. Simba akanaswa, watu wakasongamana ukingoni kumtazama. Mmoja akateleza, akamshika wa pili, wa pili akamshika wa tatu, wa tatu akamshika wa nne, wote wakaanguka, simba akawajeruhi wakafa. Makabila yakataka kupigana. Ali bin Abi Talib (r.a.), aliyekuwa huko, akawahukumia kwamba kutoka kwa makabila ya wale waliochimba zikusanywe robo ya dia, na thuluthi yake, na nusu yake, na dia kamili: robo kwa wa kwanza, kwa sababu watatu waliangamia juu yake, thuluthi kwa wa pili, nusu kwa wa tatu, na kamili kwa wa nne, ambaye hakumwangusha mtu. Hawakuridhika hata walipomwendea Mtume (s.a.w.), naye akaipitisha. Wamo waliosema isnadi yake ina udhaifu, na mafakihi wengi hawakuijengea kila tawi lake. Lakini yaliyomo ni mafunzo makubwa, kwamba aliyeanguka naye hutazamwa sehemu yake katika kuanguka kwake, na haki yake hupunguka kwa kadiri ile, wala haifutwi yote.

Ya pili ni ya kipofu na kiongozi wake katika zama za Umar. Walianguka kisimani wote wawili, kiongozi akatangulia, kipofu akamwangukia, kiongozi akafa. Ikahukumiwa dia yake juu ya jamaa za kipofu. Yasimuliwa kwamba kipofu yule alikuwa akilia katika msimu wa hija, akiwauliza watu vipi kipofu amlipie mwenye macho. Kilio chake kimewashughulisha wanazuoni hata leo. Na wako waliosema kwamba kiongozi ndiye aliyempeleka kisimani, basi lau si makubaliano yaliyodaiwa katika hukumu ile, ingalielekea asilipwe. Wallahu aalam.

Ama kiasi cha malipo, dia ya mwanamume Mwislamu ni ngamia 100. Kifo kwa kisima cha uadui huhesabiwa katika kukosea. Dia yake hulipwa na akila, nao ni wanaume wa upande wa baba wa mchimbaji, si baba zake wala wanawe, kwa muda wa miaka mitatu. Tajiri hutoa nusu dinari kwa mwaka, na wa kati robo dinari. Kafara ni juu ya mchimbaji mwenyewe, hata kama amesababisha tu. Kwa kuwa leo hapana mtumwa wa kuachwa huru, iliyobaki ni kufunga miezi miwili mfululizo. Na wengi waliolipa fedha hulisahau hili la kufunga.

Viungo vina hesabu yake: mkono nusu ya dia, mguu nusu, kidole ngamia 10, jino ngamia 5, na jeraha la kichwa au uso lililofichua mfupa ngamia 5. Mfupa wa mguu uliovunjika kisha ukaunga haukutajiwa kiasi. Humo mna hukuma, yaani makadirio ya watu wenye ujuzi, wakitazama upungufu uliobaki. Wala haikadiriwi kabla ya kupona, kwani jeraha laweza kuenea. Kwa hiyo haifai kumpelekea mvunjika mguu fedha kidogo siku ya tatu, angali na maumivu, akaambiwa atie kidole katika karatasi kwamba yamekwisha. Ngamia wasipopatikana hulipwa thamani yao, na watu wazima wakisuluhiana kwa pungufu, suluhu hujuzu.

Akiuliza muulizaji: Akila yuko wapi leo, na watu wametawanyika, mmoja Zombo, wa pili Kimamba, wa tatu Dar es Salaam, hawajuani hata majina? Hujibiwa kwamba vitabu vimelitazamia hili. Akila asipopatikana, hulipa hazina ya Waislamu. Na hazina isipokuwapo, dia yote humrudia mwenye kosa mwenyewe katika kauli iliyo dhahiri zaidi. Basi asiseme mtu kwamba kwa kukosekana akila amesalimika; amebaki peke yake na deni, nalo ni zito zaidi.

Haya ndiyo ya baina ya mja na dhima yake. Ama mahakama za serikali hazihukumu kwa dia. Sheria ya madhara katika Tanganyika ni ile ya Kiingereza iliyopokewa kwa tarehe 22 Julai 1920, yaani hukumu za mahakama zao pamoja na sheria zao za jumla zilizokuwapo siku ile. Ndiyo maana ile sheria yao ya mwaka 1957 iliyotajwa juu haikuingia nchini, na mafungu ya kale ya wageni yamebaki kuwa na maana huku kuliko kwao. Mdai hupeleka shauri lake mahakama ya wilaya, ambayo kwa watu wa Zombo iko Kilosa, akathibitisha kwamba mwenye kukishika mahali pale alikuwa na wajibu wa uangalifu, akauacha, na madhara yakatoka humo. Waamuzi hao humtazama anayekishika na kukitawala mahali, mpangaji au mwenye nyumba. Fikihi humtazama aliyechimba. Mara nyingi ni mtu mmoja, na mara nyingine si mmoja, na mwenye kupanga nyumba iliyo na shimo la zamani ayaangalie yote mawili.

Na yako mambo ambayo mdai akiyaghafilikia hupoteza. Muda wa kudai madhara ya namna hii ni miaka mitatu, kwa sheria ya mwaka 1971. Haki mbele ya Mungu haipitwi na wakati, lakini mlango wa mahakama hufungwa. Akiidai serikali, sharti atangulize ilani ya siku 90. Aliyejeruhiwa na atake fomu ya polisi, PF3, na cheti cha tabibu mapema, maana shimo hufukiwa kesho yake na mashahidi husahau. Aliyefiwa na mtegemewa wake ana njia katika Sura ya 310 ya sheria, na sheria hiyo hiyo yaelekeza kwamba mdai mwenye sehemu katika kosa apunguziwe kwa kadiri ya sehemu yake, jambo lisilo mbali na hukumu ya shimo la simba. Ama aliyeumia kazini, sheria ya fidia ya mwaka 2008 humpa malipo bila kuulizwa kosa ni la nani. Hiyo yahusu hata kibarua aliyeporomokewa na kisima, ambaye kwa hadithi iliyotangulia mwajiri wake asingalidhamini. Hapana mgongano. Hadithi yaondoa dhamana ya uadui pale ambapo hapana uadui, wala haimzuii mtawala kuwalazimisha waajiri sharti lenye maslaha kwa wafanyao kazi.

Muulizaji mwingine husema: Je, si bora kusamehe? Naam, ni bora, na aya ile ile ya Nisaa imeacha nafasi ya jamaa kuitoa dia iwe sadaka. Lakini msamaha ni wa mwenye haki, hutoka moyoni mwake naye yu baleghe na mwenye akili, si wa wazee waliokaa barazani kumwambia mjane asivuruge ujirani. Msamaha wa kuonewa haya si msamaha. Na wanazuoni wametaja kwamba kitu kilichochukuliwa kwa haya ni kama kilichochukuliwa kwa nguvu.

Na lililo kubwa kuliko hilo ni mtoto. Mtoto wa miaka saba aanguka katika shimo la matofali lililochimbwa kandokando ya njia pasipo idhini, mguu wake wabaki mfupi. Siku ya tatu mwenye shimo aja na wazee, na mchele, na maneno mazuri. Baba wa mtoto, kwa kutaka amani, atamka mbele yao: nimesamehe. Amesamehe nini? Mguu si wake. Arshi ya mguu ule ni mali ya mtoto, na katika madhehebu ya Shafii walii hana mamlaka ya kuitoa bure mali ya aliye chini yake, kama asivyoweza kuligawa shamba alilorithi mtoto kwa mama yake. Neno lake baba ni lagho. Deni la mwenye shimo liko pale pale, na mchele ule haukulipunguza ila umehesabiwa kwa thamani yake na kuwekwa katika mali ya mtoto. Baba akiwa amepokea fedha, ni amana mkononi mwake, hatumii ila kwa maslaha ya mtoto, kwa matibabu yake na chakula chake. Na mwenye shimo, akitaka kutoka katika dhima, asitosheke na salamu za barazani. Akadirishe jeraha baada ya kupona, alipe kwa walii mbele ya mashahidi wawili, na yaandikwe. Iwapo hana uwezo, hungojewa kama angojewavyo kila mdaiwa mwenye dhiki. Mtoto akibaleghe, akajua kilichompata na haki yake ni nini, akisema hapo kwa ulimi wake kwamba ameacha kilichobaki, ndipo msamaha utakapokuwa umesihi.